Bomba, seringi na bidoni ya njano: huduma za maji za Goma kwa mizani ya anayebeba

Goma haina uhaba wa maji. Ziwa Kivu liko pale pale chini, kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na hakuna kiangazi kinacholitisha. Kinachokosekana ni maji safi yaliyo karibu na mlango, na umbali huo kati ya ziwa na mlango unamalizwa na shingo ya mwanamke. Kwa hiyo hapa hatupimi huduma kwa urefu wa mabomba wala kwa idadi ya robine (koki za maji) zilizokatiwa utepe. Tunauliza mambo matatu: mwenye kuvoma (kuteka maji) anasimama dakika ngapi, anabeba kilo ngapi, na maji yakifika kikombeni bado yananyweka?

Anayetaka kujua kwa nini jambo jepesi hivi limekuwa gumu aangalie chini ya miguu yake. Mji umekaa juu ya makoro, mawe ya lava iliyopoa. Mvua ikinyesha inazama kwenye nyufa za mawe na kupotea, ndiyo sababu hakuna mto unaokatiza mjini, na kuchimba kisima ni kupigana na mwamba. Maji ya bomba husukumwa na pampu kutoka ziwani hadi kwenye matangi yaliyo juu, kisha hushuka yenyewe hadi kwenye kartye (mitaa). Pampu inataka umeme. Umeme ukikatika, tangi linaendelea kutoa hadi liishe, na kartye za juu ndizo zinazokauka kwanza na kurudishiwa mwisho. Na volkano nayo ina neno lake: tarehe 22 Mei 2021 lava ya Nyiragongo iliishia Buhene, mlangoni mwa mji, ikaharibu mabomba na hifadhi ya maji ya upande wa kaskazini. Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini, umeme na maji vilikatika kwa siku kadhaa na watu wakashuka ziwani na bidoni (madumu) zao.

Ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2023 inasema kwamba duniani, katika nyumba 7 kati ya 10 zisizo na maji uani, wanaoteka ni wanawake na wasichana. Wanaume wa Goma nao wapo kwenye maji, ila wapo na chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, na wapo kwa malipo.

Bomba la kartye

Iwe ni bomba la shirika la serikali, la kampuni ya watu binafsi au la mradi, kipimo ni kile kile na hakihitaji fundi. Chukua bidoni tupu ya lita 20 na simu yenye saa. Fungua robine hadi mwisho, hesabu hadi bidoni ijae. Ikijaa kwa dakika 2 na sekunde 40, robine inatoa lita 7.5 kwa dakika, na hicho ndicho kiwango cha Sphere ambacho mashirika ya misaada hukitumia. Ikichukua dakika 5, una lita 4 kwa dakika. Tofauti inaonekana ndogo mpaka uiweke kwenye mstari: mwenye bidoni 60 mbele yake atangoja saa 2 na dakika 40 kwenye robine ya kwanza, na saa 5 kwenye ya pili. Kiwango hicho hicho cha Sphere kinataka mtu asingoje zaidi ya dakika 30 na asitembee zaidi ya mita 500.

Kiwango hicho pia husema robine moja ihudumie watu wasiozidi 250. Hapa ndipo mabango mengi yanapodanganya bila kusema uongo. Watu 250 wakipata lita 15 kila mmoja, ambazo ni kidogo, wanahitaji lita 3,750 kwa siku. Kwa lita 7.5 kwa dakika, robine lazima iwe wazi kwa zaidi ya saa 8 mfululizo. Ikipata maji saa 4 tu, inatoa lita 1,800, yaani bidoni 90, na zinatosha watu 120. Kwa hiyo ukisoma kwenye bango kwamba bomba lenye robine 4 linahudumia watu 1,000, uliza swali moja tu: linafunguliwa saa ngapi na kufungwa saa ngapi?

Maji yanayokuja bila ratiba yana madhara kuliko maji machache yenye ratiba. Saa ikijulikana, mama anapanga sokoni, mtoto mgonjwa na jiko. Saa isipojulikana, mtu mmoja wa nyumba lazima akae macho kusikiliza robine ikikohoa, na huyo karibu kila mara ni binti. Huduma inayobandika saa zake na kuzifuata, hata kama ni saa 3 tu, tunaipa alama nyingi kuliko ile inayotoa saa 6 ovyo.

Ujenzi wenyewe unaonyesha kama aliyechora aliwahi kubeba. Robine nyingi zimefungwa chini, bidoni inajazwa ikiwa sakafuni, halafu mama anatakiwa kuinua karibu kilo 21 (maji kilo 20, plastiki karibu kilo moja) kutoka kwenye vidole vya miguu hadi kichwani. Hawezi peke yake. Anamwomba wa nyuma yake amtwike, na asipopata mtu anaipandisha kwanza kwenye goti, kisha begani, kwa kujipinda kiuno. Mgongo na shingo huumia zaidi pale kuliko njiani. Dawa yake ni tofali na saruji: jukwaa la kutulia bidoni lenye urefu wa kama sentimita 90 hadi mita moja, karibu na robine. Mama anasukumia bidoni pale, anakunja magoti kidogo, anaweka ngata ya kitenge, anainuka nayo. Mwenye mimba ya miezi saba huhitaji jukwaa hilo kuliko anavyohitaji robine ya nne.

Kitu kingine kidogo chenye gharama kubwa ni mpira wa ndani wa robine. Ukichakaa, robine haifungi vizuri, wenye haraka wanaikaza kwa nguvu, uzi unakatika, na robine ya pili inafungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Sasa mstari wa robine mbili umekuwa wa moja. Mpira huo ni wa kununua kwa pesa ndogo na kubadilisha kwa dakika kumi na spana moja, baada ya kufunga valvu ya nyuma. Mlinzi wa bomba asiye na mipira mitano akibani hana kazi, ana kiti tu.

Na sakafu: maji yanayomwagika yasipopata mfereji hutuama, hutoa utelezi juu ya makoro, na mama mwenye bidoni kichwani haoni anapokanyaga. Mfereji uende kwenye shimo lililojazwa mawe makubwa, angalau hatua kumi kutoka kwenye robine. Mawe hapa si tatizo.

Kuhusu chukudu. Mbebaji mmoja huja na bidoni kumi au zaidi, na kila mara anapofika mbele, mama mwenye bidoni mbili anarudishwa nyuma nusu saa. Kuna mabomba yenye kanuni nzuri ya mistari miwili: bidoni moja ya mkononi, bidoni moja ya chukudu, kwa zamu. Panapokosekana kanuni hiyo, mlinzi humsikiliza mwenye kulipa kwa jumla. Bei za bidoni tumeziacha makusudi maana hupanda umeme ukikatika na kushuka ukirudi, lakini jambo moja halibadiliki: kinachokula pesa ni kuletewa. Mwanamke asiye na pesa ya mbebaji hulipa tofauti hiyo kwa muda wake.

Hesabu ya nyumba ya watu saba: lita 15 kwa kila mtu ni lita 105, bidoni tano na zaidi kidogo. Safari moja ikiwa dakika 45 pamoja na mstari, hizo ni saa 3 na dakika 45 kwa siku. Kwa msichana wa miaka 11, bidoni ya lita 20 haifai kabisa. Apewe ya lita 10, hata kama safari zitaongezeka. Mzazi anayesema "atazoea" akumbuke kwamba shingo haizoei, inavumilia.

Alfajiri na mazuku

Mstari mrefu husukuma watu kwenda mapema, saa kumi usiku au saa kumi na moja. Hatari ya kwanza kila mtu anaijua: wanaume wenye nia mbaya na wenye silaha njiani. Kambi za wakimbizi wa ndani za Bulengo na Lushagala zilipokuwa zimejaa, kutafuta kuni na maji ndiko kulikowaweka wanawake wengi mikononi mwa wabakaji. Hatari ya pili ni ya ardhi yetu. Upande wa magharibi, kuelekea Mugunga na Sake na kwenye mabonde ya karibu na ziwa, kuna mazuku: gesi ya kaboni inayotoka ardhini na kutulia kwenye mashimo kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Hujaa usiku na alfajiri pasipo upepo, hutawanyika jua likipanda na upepo ukivuma. Haina rangi. Mtu mzima anaweza kupita akiwa na kizunguzungu tu, na mtoto aliye nyuma yake, ambaye pua yake iko chini zaidi, akaanguka. Njia ya mkato inayoshuka kwenye bonde lenye nyasi zilizokauka na ndege au wadudu waliokufa isitumike kabla ya saa mbili asubuhi. Huduma yoyote ya maji ya upande huo inayofungua bomba saa kumi na moja alfajiri na kulifunga saa mbili imechagua saa mbaya kuliko zote, hata kama maji yake ni mazuri.

Kituo cha klorini ufukoni

Hii ndiyo huduma tunayoipenda kuliko zote kwa sasa, na ndiyo pia inayoharibiwa kwa urahisi kuliko zote. Bila bomba na bila umeme, kijana au dada mwenye fulana ya mradi anasimama juu kidogo ya mahali watu wanapoteka, ana chupa ya dawa na seringi, na kila bidoni inayopanda kutoka ziwani inapigwa sindano. Kipindupindu kimekaa Goma kwa muda mrefu. Julai 1994 kiliua makumi ya maelfu ya wakimbizi ndani ya wiki chache, pamoja na kuhara damu, na tangu hapo hakijawahi kuuacha mji kwa muda mrefu. Vijidudu vyake vinakufa kwa klorini upesi. Tatizo liko kwenye mikono na kwenye saa.

Dawa ya sindano ni mmumunyo wa asilimia 1. Kwa unga wa klorini wa asilimia 70 (ule wa chembechembe nyeupe), pima gramu 15 ndani ya lita moja ya maji safi, koroga kwa kijiti cha plastiki, acha utulie, tumia maji ya juu yaliyo meupe tu. Mililita 4 za mmumunyo huo ndani ya bidoni ya lita 20 zinatoa miligramu 2 za klorini kwa lita. Lita moja ya mmumunyo inatosha bidoni 250. Yaani gramu 15 za unga zinatibu lita 5,000 za maji. Hakuna huduma nyingine mjini inayofanya kazi kubwa hivyo kwa gharama ndogo hivyo, na mwanamke haongezewi hata hatua moja.

Lakini mililita 4 si amri ya milele. Baada ya mvua kubwa, ziwa la ufukoni linachafuka, na uchafu unakula klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Kila asubuhi mpigaji sindano anatakiwa kujaza bidoni nne, kuweka mililita 2, 3, 4 na 5, kungoja nusu saa, halafu kupima kwa kidonge kinachogeuza maji kuwa ya waridi. Dozi ya siku ni ile inayoacha miligramu 0.5 hivi kwa lita. Vituo vizuri hufanya hivyo. Vituo vibaya vina dozi iliyoandikwa kwenye ubao miezi sita iliyopita.

Sasa kuhusu saa, na hapa ndipo wengi wanakosea, hata wale wenye fulana. Maelekezo ya dunia nzima yanasema ngoja dakika 30. Maelekezo hayo yaliandikwa kwa maji ambayo pH yake (kipimo cha ukali wa asidi; ikipanda, asidi inapungua) haizidi 8. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH ya karibu 9. Klorini ndani ya maji hukaa kwa sura mbili: moja yenye makali na nyingine goigoi. Kwenye pH ya 7.5 karibu nusu yake ni ya makali. Kwenye pH ya 9 yenye makali ni kama asilimia 3 tu. Kipimo cha waridi hakitofautishi hizo mbili, kwa hiyo kinaonyesha klorini ipo na mama anaambiwa kunywa. Ngoja saa nzima, na kama nafasi ipo, masaa mawili. Kwa anayeishi mbali ufukoni, sehemu ya muda huo huisha njiani. Kwa anayeishi karibu kabisa na ufuko, kama pale karibu na soko la Kituku, bidoni inafika nyumbani baada ya dakika kumi na mtoto anachota mara moja. Huyo ndiye wa kuelezwa kwanza, na ndiye asiyeelezwa, kwa sababu anaonekana mwenye bahati.

Makosa mengine tunayoyaona kwenye vituo hivi: sindano kupigwa bidoni ikiwa nusu, kisha mama anarudi ziwani kuijaza, mmumunyo kuwekwa kwenye chupa inayopitisha mwanga, juani, ukapoteza nguvu kabla ya jioni, mmumunyo wa zaidi ya wiki kutumika kana kwamba ni wa jana, na bidoni kuondoka bila kizibo, ikafunikwa kwa sacheti au gunzi la muhindi. Gunzi linakula klorini kama mtoto anavyokula sukari. Kituo kinachogawa vizibo kinastahili sifa kuliko kinachogawa vipeperushi.

Na mahali penyewe pa kuteka. Wanaofua, wanaoosha chukudu na wanaooga wako bega kwa bega na wanaoteka. Kamba tu na vijiti viwili vya kutenganisha sehemu ya kuteka, upande ambao mawimbi hayaleti povu la sabuni, vingepunguza dawa inayohitajika kwenye kila sindano.

Bidoni yenyewe

Bidoni ya njano ya lita 20, ambayo mara nyingi ilizaliwa na mafuta ya kupikia, ni chombo kizuri kwa sababu moja: mdomo mwembamba. Mkono hauingii, kikombe hakiingii. Ubaya wake unatokana na sababu hiyo hiyo: brashi nayo haiingii. Inua bidoni tupu dhidi ya jua na tazama ndani. Ukiona kivuli cha kijani kwenye kona za chini au utando unaoteleza ukiutingisha, hata klorini sahihi itamalizwa na utando huo. Ya mafuta ambayo haikuoshwa kwa maji moto na sabuni hufanya vivyo hivyo.

Kuosha: weka konzi mbili za kokoto laini za ufukoni, kijiko cha sabuni ya unga na lita moja ya maji. Funga, tingisha dakika mbili ukiigeuza pande zote, kona kwa kona. Mwaga, suuza mara mbili. Usitumie vipande vya makoro. Ni vikali, vinakwaruza plastiki, na mikwaruzo ndiyo nyumba mpya ya utando. Mara moja kwa wiki inatosha. Bidoni iliyopauka na kupasuka kwenye mshono wa chini isigandishwe kwa moto wa plastiki nyingine kwa ajili ya maji ya kunywa. Iwe ya kufulia.

Nyumba iwe na bidoni za aina mbili zenye alama, ya kunywa na ya kazi nyingine. Kitambaa chekundu kwenye mshiko kinatosha.

Ndani ya nyumba

Vidonge vya klorini vya miligramu 67 vimetengenezwa kwa lita 20. Kidonge kimoja kinatoa karibu miligramu 40 za klorini, na ukirudi juu kwenye hesabu ya seringi utaona kuwa mililita 4 za mmumunyo zinatoa miligramu 40 vile vile. Kwa maneno mengine, kidonge na sindano ni kitu kimoja. Mama aliyepigiwa sindano ufukoni akifika nyumbani akaongeza kidonge "kwa usalama" anakunywesha watu maji yenye ladha ya hospitali. Hayadhuru, maana bado yako chini ya miligramu 5 kwa lita ambazo WHO inaziweka kama mpaka, lakini baba anayakataa, watoto wanamwaga, na kesho yake kila mtu anakunywa ya ziwa bila dawa. Chagua kimoja. Soma pia pakiti: kuna vidonge vidogo vya lita chache na vikubwa vya pipa, na sokoni vinauzwa kimoja kimoja bila pakiti. Kidonge kisicho na pakiti usikinunue.

Ndoo yenye kifuniko na bomba dogo chini ndiyo kitu cha kwanza tungemshauri mwenye pesa kidogo anunue, kabla ya chujio lolote. Maji mengi ya Goma huchafuka upya nyumbani, kwenye sufuria wazi ambamo kila kikombe kinazamishwa pamoja na vidole vyake. Fundi wa mabati au wa plastiki anatoboa ndoo ya kawaida na kufunga robine ndogo yenye mipira miwili, mmoja ndani na mmoja nje. Ukifunga mmoja tu itavuja baada ya wiki. Bomba liwe sentimita mbili hivi juu ya kitako, ili mashapo yabaki chini.

Kuchemsha kunafanya kazi. Hapa maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi kwa sababu ya urefu wa mji, na bado dakika moja ya kuchemka kwa nguvu inatosha. Tatizo ni makala (mkaa), ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye misitu ya Virunga na bei yake inaumiza kuliko maji yenyewe. Na maji yaliyochemshwa hayana ulinzi wowote mkono ukiyagusa. Chujio la udongo linatoa lita 1 hadi 3 kwa saa, linazuia vijidudu vingi pamoja na vile vinavyoishinda klorini, ila huvunjika. Likipata ufa mdogo usioonekana, linapitisha kila kitu huku mwenyewe akiwa na imani. Lisuguliwe kwa brashi laini na maji yaliyotibiwa, bila sabuni. Kuna pia chupa za plastiki zinazojazwa maji na kuachwa juani kwa muda wa saa 6 ili jua liue vijidudu: siku za mawingu ni siku mbili, na Goma ina mawingu. Tumezitaja tu.

Yale ambayo lita 15 hazifiki

Kati ya lita 15, kunywa na chakula huchukua 2.5 hadi 3, kupika 3 hadi 6. Kinachobaki ndicho cha mwili, na ndicho kinachopunguzwa kwanza mstari ukiwa mrefu. Mama anayenyonyesha ana kiu kuliko wote nyumbani na mara nyingi ndiye anayekunywa wa mwisho. Vitambaa au pedi za kufua vinataka kulowekwa kwenye maji baridi, kufuliwa na kusuuzwa mara mbili: beseni la lita 5 mara mbili kwa siku, kwa siku nne au tano. Nyumba yenye mama na mabinti wawili inahitaji bidoni moja na nusu ya ziada siku ambazo mzunguko wao umekutana, na siku hizo hizo kubeba kunauma. Pasipo maji, kitambaa kinakaushwa bado kina sabuni, kwenye kona ya giza, na ngozi inawasha. Miradi ya hapa inayogawa pedi za kufua bila kuuliza maji yatatoka wapi imegawa nusu ya kitu.

Ongeza tabia ya maji yenyewe. Maji ya Kivu yana magnesi nyingi, yanakataa povu. Kipande cha sabuni kinachofua mara kumi kwa maji ya mvua hakifiki hapo kwa maji ya ziwa. Gharama hiyo haimo kwenye bei ya bidoni.

Hapo ndipo pipa la mvua linapostahili sifa. Paa la mita za mraba 30, mvua ya milimita 10, ukitoa kinachopotea kwenye mifereji, linakupa lita 240, bidoni 12 ambazo hakuna aliyezitwika. Mwaga lita 30 za kwanza, ndizo zinazoosha vumbi na majivu. Maji hayo ni laini, sabuni inaruka povu, yanafaa kwa nguo, kuoga, vitambaa na sakafu. Kwa kunywa yana doa: moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira unatia mvua yetu asidi na floridi, na floridi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita inatia madoa kwenye meno ya watoto. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha. Siku ambazo moshi umeelekea upande wako na mabati yanakula kutu haraka, pipa libaki la kufulia. Weka robine ya pipa kwenye kimo cha beseni, na pipa juu ya mawe manne yaliyo sawa. Likijaa lita 200 ni kilo 200, na makoro yakiyumba linaangukia anayefua.